Mpika Rangi wa Mwankoko

Mchungaji wetu, viongozi wa mtaa, majirani wa Mwankoko, wageni mliotoka Manyoni na Ikungi, na ninyi watoto mliopanda juu ya tofali ingawa mmeambiwa mshuke, familia imeniomba mimi Eliza, dada mkubwa wa marehemu, niandike na niwasomee maisha ya mdogo wangu Obadia, kwa sababu wengine wote waliomjua tangu mwanzo wametangulia, na kwa sababu wanajua kwamba akisoma mtu mwingine nitamkatiza. Shule yangu iliishia darasa la pili, kwa hiyo nikikwama kwenye neno mnivumilie, lakini tarehe nimezihakiki kwa vyeti vyake na kwa Leah mjane wake, na yaliyomo ni ya kweli, pamoja na yale ambayo si kawaida kusemwa mbele ya jeneza.

Marehemu Obadia Simeoni Ntandu alizaliwa tarehe 3 Agosti 1951 kijijini Mgori, akiwa mtoto wa nne kati ya sita wa mzee Simeoni Ntandu na mama Klara, ambao wote ni marehemu. Nyumba yetu ilikuwa tembe, na kila mwaka baada ya mavuno mama aliipaka upya ndani na nje, udongo mweupe aliuchimba kwenye ukingo wa korongo, mwekundu aliutoa kwenye kichuguu, mweusi aliupata kwa kusaga mkaa, akavitwanga, akavichekecha kwa kitambaa, kisha akavikoroga na mavi ya ng'ombe na maji ya mlenda ili vishike ukutani visipukutike. Hiyo ndiyo rangi tuliyoijua, haikununuliwa wala haikuwa na kopo, na ilikuwa kazi ya wanawake, lakini Obadia hakuwa akibanduka pale, hadi siku moja baba akaja amefura, akasema mbele ya watu, “Obadia, ng'ombe wako kwenye mtama wa watu, na wewe uko hapa unapaka ukuta kama mwali!” Alichapwa siku hiyo, na wiki iliyofuata alikuwa pale pale, mikono myeupe hadi kwenye viwiko.

Alianza shule ya msingi mwaka 1961 na kumaliza darasa la saba mwaka 1967, na katika masomo yote hayo sikumbuki alichokuwa wa kwanza isipokuwa ubishi. Desemba mwaka 1961, zilipokuja sherehe za Uhuru, wanafunzi waliagizwa kupaka mawe ya pembeni mwa barabara yawe meupe, na hapo ndipo alipokutana na chokaa, mawe yaliyochomwa kwenye tanuru, ukiyamwagia maji yanachemka bila moto. Mwalimu aliwaonyesha kuilaza chokaa kwenye pipa, kuichuja kwa gunia, kuitia chumvi ili isishike nguo za watu, akawaambia pia wasiiguse, Obadia akatia mkono kuona kama ni kweli inachemka. Kovu lile liko kwenye mkono wake wa kushoto hadi leo, waliomwosha jana wameliona.

Mwaka 1969 alipanda treni, akaenda Manyoni kutafuta kazi reli, akachukuliwa kama kibarua, na mwaka 1972 akaajiriwa rasmi kuwa mpaka rangi, chini ya fundi mkuu mzee Antipasi, Mgogo mrefu asiyecheka, ambaye Obadia alimtaja hadi wiki yake ya mwisho. Siku hizo rangi haikuja ikiwa tayari, ulikuja unga kwenye magunia na mafuta ya kitani kwenye mapipa, mafundi wakasaga wenyewe juu ya jiwe bapa, wakizungusha jiwe jingine kutwa nzima, hadi ukiisugua rangi kati ya kucha mbili usisikie chembe. Mzee Antipasi alimfundisha kwamba rangi zote duniani, iwe ya mama Klara au ya mabehewa, ni vitu vitatu tu, unga wa kuleta rangi, kitu cha kuushika huo unga, na kitu cha kuufanya umiminike, na anayejua hivyo vitatu hawezi kukosa rangi mahali popote. Baadaye makopo yaliyochanganywa kiwandani yakaanza kuja, mawe ya kusagia yakatupwa nje ya karakana, na mzee Antipasi akasema, “Haya, sasa sote ni wafungua makopo.” Obadia aliliokota jiwe moja akalipeleka nyumbani kwake.

Akiwa huko huko Manyoni, alifunga ndoa na Leah, Jumamosi tarehe 18 Septemba 1976, na Mungu akawajalia watoto watatu, Gasto aliyezaliwa mwaka 1978, Belinda mwaka 1981, na Festo, ambaye nitamzungumzia kwa kirefu, aliyezaliwa tarehe 9 Mei 1988. Leah alikuwa msichana mzuri na mpole kupita kiasi, nilimwambia Obadia wakati ule kwamba mke mpole kwa mwanaume mbishi ni hasara kwa mke, akaniambia nishughulike na ndoa yangu.

Ilipofika mwaka 1982 makopo ya rangi yaliadimika kama sabuni na sukari, wenye umri wangu mnakumbuka, na mwaka 1983 marehemu aliacha kazi reli, akahamia hapa Mwankoko na familia yake, akasema kama rangi hakuna ataipika. Mafuta ya kitani hayakuwepo, lakini Singida ilikuwa na alizeti, akaona mafuta ni mafuta, akasaga udongo wa kichuguu kwa lile jiwe lake, akachanganya na mafuta ya alizeti, akapaka mabenchi yote ya kanisa siku kumi kabla ya Pasaka ya mwaka 1984, bure, kama sadaka. Alizeti haikauki kama kitani, inanata siku nyingi, na siku kumi zilikuwa hazitoshi hata kidogo. Tuliketi kwa heshima, na aliposema mchungaji tusimame, ibada nzima ilisikika ikichanika, mimi niliacha pale kipande cha gauni langu jipya, na akina mama walimzunguka nje wakimuuliza, “Obadia, hii ni rangi au umetutegea ulimbo, sisi ni ndege?” Kwa miaka miwili aliitwa fundi ulimbo.

Mwingine angeona aibu akaacha. Yeye alichemsha alizeti kwenye sufuria siku nzima, akajaribu majivu, akajaribu chokaa, mwisho akavunja betri za redio zilizokufa, akachukua ule unga mweusi wa ndani, akauchemsha pamoja na mafuta, na rangi ikakauka kwa siku tatu. Ilikuwa ya kahawia iliyofifia, lakini haikung'ang'ania nguo ya mtu, na mwaka 1985 aliyapaka upya mabenchi yale.

Sasa nafika mwaka 1986, naomba watoto wanyamaze. Mwaka huo alipita mfanyabiashara mmoja mwenye gari, jina lake hatukuwahi kulijua, akiuza unga wa njano na unga mwekundu kwenye mifuko isiyo na maandishi, Obadia akajaribu, na ile rangi ikakauka kwa siku moja, ikang'aa kama kiini cha yai, mvua ikapiga, jua likapiga, haikufifia. Kuanzia hapo hadi mwaka 2002, kila aliyejenga akaezeka bati alitaka mlango wa Obadia, wakaja watu wa Ikungi, wakaja wa kwetu Mgori, akapaka milango, madirisha, vitanda vya watoto, na meza za shule moja ya awali, na hakuna aliyemwita fundi ulimbo tena. Alitembea mjini kifua mbele kama aliyeoa mara ya pili, na mimi nilifurahi kwa ajili yake, ingawa sikumwambia.

Festo alizaliwa katikati ya unga huo. Alitambaa kwenye kibanda cha rangi, alilala kwenye magunia, alipoota meno alitafuna mpini wa brashi, na kila mtu aliona ni mtoto mzuri anayempenda baba yake. Alichelewa kusema hadi miaka minne, shuleni alikaa darasa la kwanza mara tatu na herufi hazikukaa kichwani, akiwa na miaka kumi na miwili walimu wakamrudisha nyumbani. Hapo ndipo watu wa mtaa huu mlipoonyesha mlivyo, mlisema Leah alivunja mwiko akiwa na mimba, mlisema ukoo wao una kitu, kuna aliyemwambia kisimani, “Wewe uzazi wako uliishia kwa Belinda, huyu ulimlazimisha,” na Leah akabeba ndoo yake akaenda zake, kwa sababu nilishawaambia ni mpole. Obadia naye, kwa kuwa leo tunasema kweli, hakumtetea. Alinyamaza, na ukimya wa mume kwenye jambo kama hilo watu waliuhesabu kuwa ni ushahidi.

Baadaye zikaja rangi za maji, za ndoo za plastiki, kutoka viwanda vya Dar es Salaam, Gasto akafungua duka la kuziuza mjini, na mzee akakasirika wiki mbili, kisha akaenda kwa siri kujifunza zinavyotengenezwa. Mwaka 2003 akaanza kutengeneza za kwake, unga wa chaki, unga mweupe wa kiwandani, gundi inayoyeyuka kwenye maji, na dawa ya kuzuia isiharibike, akavikoroga kwenye pipa kwa pangaboi la mota kuukuu, akalalamika kwamba haina harufu ya kiume, lakini inakauka kabla hujamaliza chai. Akaacha kabisa ule unga wa njano, si kwa kujua lolote, ila yule mwenye gari aliyekuwa akimletea hakurudi tena.

Tarehe 17 Juni 2014 aliitwa kwenye semina ya watengeneza rangi wadogo mjini Singida, akaenda kwa sababu ya chakula, alisema mwenyewe. Mtoa mada alikuwa binti wa umri wa mjukuu, akawaeleza kwamba zamani duniani kote rangi zilitiwa madini ya risasi ili zikauke upesi na zing'ae, hasa za njano na nyekundu, na kwamba risasi hiyo ni sumu, rangi ikichakaa inakuwa vumbi na magamba, mtoto anashika, anatia mkono mdomoni, inaingia kwenye ubongo unaokua, na iliyokwisha kuharibika hairudi. Obadia aliuliza swali moja tu, unga unaokausha alizeti kwa siku moja ni unga gani, na yule binti akamwomba alete kipande. Alipeleka vifuniko vitatu vya makopo ya zamani, majibu yakaja mwezi Agosti, sihitaji kuwasomea.

Siku majibu yalipofika nilikuwa pale, napukuchua mahindi na wifi yangu. Obadia aliingia, hakukaa, akasimama mbele ya Leah na kofia mkononi, akasema, “Leah, haikuwa wewe.” Leah akamuuliza, “Nini haikuwa mimi?” Akasema, “Festo.” Baadaye daktari aliwaambia kwamba kwa mtu mmoja mmoja haiwezi kuthibitishwa miaka ishirini na sita ikishapita, huenda ni risasi, huenda sivyo, lakini Leah hakuhitaji daktari kwa jambo hilo, alikuwa amesubiri neno lile la mumewe tangu Festo ana miaka minne. Alilia kidogo, kisha akamwuliza swali ambalo ndilo lililotujaza hapa leo, “Na milango mingine?”

Jumapili iliyofuata marehemu alisimama kanisani wakati wa matangazo, akasema kwamba aliwapaka watu sumu bila kujua, na kila mwenye mlango au kitanda chake cha njano au chekundu, cha kuanzia mwaka 1986 hadi 2002, amwambie aje auchubue na kuupaka upya kwa rangi isiyo na risasi, bila malipo. Mkacheka. Mkasema mzee amefilisiwa na rangi za ndoo, anatafuta vibarua. Ritha wa Ikungi, naona umeinamisha kichwa lakini nitalisema kwa sababu ulilisema vizuri, ulimjibu mlangoni kwako, “Baba, huu mlango ndio kitu pekee kizuri kwenye hii nyumba, ukiuchubua utaniletea na mume mpya?” Obadia alirudi kwako mara nne hadi ukakubali.

Hakuwa ameandika popote alikopaka. Lakini Festo alikuwa amebeba makopo yale tangu anaweza kutembea na kopo, na Festo asiyejua herufi anajua milango, alikuwa akifika kwenye kona anasimama, ananyoosha mkono, anasema, “Hapa, njano, mlango mmoja, dirisha mbili, walikuwa na mbwa,” na ilikuwa kweli, hata nyumba iliyoongezwa vyumba na kubadilishwa bati aliitambua. Kwa miaka tisa walitembea wawili hao, Festo akimwagia mlango maji ili vumbi lisipae, baba akichubua kwa panga bapa, wakikusanya magamba yote kwenye ndoo yenye kifuniko, na ole wake aliyetaka kuchoma rangi kwa moto au kuisugua ikiwa kavu, Obadia alimfokea hata kama ni mwenye nyumba. Meza za ile shule ya awali ndizo zilizokuwa za kwanza. Walifikia milango mia moja sitini na minne, madirisha sikuyahesabu.

Kuhusu ugonjwa, tumbo lilikuwa likimkata tangu miaka ya tisini, akadhani ni minyoo, na kuanzia mwaka 2011 vifundo vya mikono vilianza kulegea, mkono unaning'inia kama wa mtu anayeonyesha pete, hadi akafunga brashi kwa kitambaa ili isimponyoke. Mwaka 2019 madaktari walikuta figo zimechoka, wakamwambia kwamba aliyekula risasi nyingi kuliko wote ni yeye mwenyewe, akajibu kwamba hiyo ni haki. Mimi sikupenda jibu hilo, kwa sababu mtu aliyefanya jambo asilolijua hadaiwi figo zake, nikamwambia hivyo, akabisha. Mwaka 2023 alishindwa kabisa kutembea na panga, akaanza kupelekwa Dodoma kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, na mwezi Februari mwaka huu aliomba apumzike nyumbani. Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa nne asubuhi, marehemu aliaga dunia kitandani kwake, akiwa na miaka sabini na mitatu, Leah akiwa ameshika mkono mmoja, Festo mwingine. Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, na dada mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya mkoa na wa Dodoma, ambao hawakumficha kitu, na dereva Abraham aliyempeleka safari zote zile na kumsikiliza akikosoa rangi ya kila jengo la njiani. Tunawashukuru wastaafu wenzake wa reli waliotoka Manyoni kwa basi la alfajiri, Gasto na Belinda kwa matunzo, kwaya, akina mama mliopika, na vijana mliochimba kaburi kwenye ardhi ile ngumu bila kunung'unika sana.

Majirani nawashukuru mwisho kwa sababu nina neno nanyi. Milango imebaki tisa. Obadia hakuogopa kufa, alichokihofia ni hiyo tisa, wiki nzima ya mwisho hakuongea lingine, alimtajia Festo majina ya wenye milango hiyo na Festo akamrudishia yeye. Minne iko Ikungi, miwili Mgori, miwili iko hapa Mwankoko kwa watu ambao sitawataja, wamekaa mbele yangu na wanajijua. Wa tisa ni wangu. Aliupaka mwaka 1991, mwezi ule nilipofiwa na mume wangu, bila kuniuliza, niliporudi kutoka shamba nikaukuta unawaka, na kila alipokuja kuuchubua nilimfukuza, nikamwambia mimi ni kizee, hiyo sumu ikinitaka ifanye haraka. Aliniambia, “Dada, sizungumzi habari zako, nazungumzia hawa wanaocheza chini yake,” maana vitukuu wangu wawili wanashinda pale kizingitini, nikaona ananifundisha kulea. Alikuja mara sita. Mara ya sita mkono wake ulikuwa unaning'inia, nikampa uji, nikamrudisha nyumbani na panga lake.

Vitukuu wangu wamepimwa damu juzi Jumatano, majibu hayajatoka, na hadi yatoke sina la kuwaambia ninyi wakaidi wenzangu isipokuwa hili, mkimwona Festo amesimama kwenu na ndoo ya maji, mfungulieni, msimuulize mkubwa wake yuko wapi, mkubwa ni yeye.

Obadia, nilikuwa mbishi kuliko wewe, na safari hii umeshinda. Jumatatu saa mbili asubuhi mlango wangu utakuwa umeshatolewa kwenye bawaba, umelazwa kivulini, unamsubiri mwanao. Pumzika kwa amani.